Imla ya Mlinzi wa Taa

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wangu,

Leo shule imefunguliwa. Nilizoea kukusimulia ya siku nzima tukirudi nyumbani, wewe ukifungua kamba za viatu pale kizingitini, mimi nikisema na wewe ukiitikia "Ehe," hata nilipojua husikilizi. Jana nilijikuta nasema peke yangu jikoni, na dada yako akasimama mlangoni akinitazama kama mtu anayetazama chungu kinachovuja. Kwa hiyo nitaandika. Karatasi haiitikii "Ehe", lakini haimtii wifi hofu.

Mtu wa kushika darasa lako hajaletwa. Wamesema labda muhula ujao. Mpaka hapo nishike yote mawili, lako la wakubwa na langu la wadogo, mlango wa katikati ukiwa wazi. Nasimama pale, mguu huku, mguu kule. Wangu wanaimba irabu. Wako wananitazama viatu.

Ubao wako umefutwa. Ule mstari wa tarehe uliouchimba kwa msumari haukufutika. Nimeandika tarehe ya leo juu yake.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Hakuna jipya.

Jumatatu, 11 Machi

Leo zamu ya imla. Walishika vibao vyao wakakaa wima kama ulivyowazoesha. Msichana wa dawati la mbele, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akauliza, "Mama Mwalimu, tunapata hadithi?" Nikasema hapana, leo ni ya kitabuni. Nikawasomea kifungu cha faida za usafi. Waliandika kwa sura za watu wanaonyweshwa dawa.

Nami nilikuwa nikifikiri jinsi ulivyofanya wewe. Hukuwahi kuziandika hadithi zako. Ulizitunga ukitembea kati ya madawati, mikono mgongoni, ukitaja maneno pamoja na vituo vyake, nao wakiandika. Kisha vibao vikafutwa, maana baada ya imla ni hesabu. Kila likizo nilikuambia uzinakili, na kila likizo ukasema, "Ijayo." Ulisema hadithi iliyopita katika vidole vya darasa zima haihitaji karatasi. Mimi nilizisikia kupitia ukuta wa mbao, vipande vipande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani huku akijifanya anapika.

Jumatano, 20 Machi

Alasiri amekuja Koma. Unamkumbuka: ulimpa jina hilo kwa sababu katika imla yake ya kwanza aliandika neno "koma" kila ulipolitaja, kibao kikajaa koma tupu. Sasa ni karani wa Ofisi ya Elimu. Anapiga taipu na anavaa tai.

"Hodi humu."

"Karibu. Acha viatu hapo, wifi amepiga deki."

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba. Koma, umeota tumbo."

"Ni kile kiti cha ofisi, mama. Kinanenepesha bila chakula."

Alicheka, kisha akaiona picha yako ukutani, akainyoosha tai. Akatoa bahasha kwapani. Akasema Mkaguzi wa shule, huyu mpya aliyetoka ng'ambo mwaka jana, anatengeneza kitabu cha kusomea cha visiwa vyote, kwa lugha yetu, na ametaka hadithi za hapa hapa. Koma akakumbuka moja yako, ya mlinzi wa taa. Akaiandika yote kutoka kichwani, akaipiga taipu, akampelekea. Mkaguzi ameipenda.

"Chini ya hadithi patakuwa na jina la Mwalimu," alisema. "Jina lote, mama. La chapa."

Dada yako alisimama, akaketi, akasimama tena. "Jina la ndugu yangu? Kwenye kitabu cha serikali? Koma, mwanangu, niletee nilishike hata kama sijui kusoma, mtanionyesha liko wapi."

Koma alitaka niweke sahihi tu, kama mjane, kwamba nimeridhia. Nikasema niachie nisome kwanza.

Nimesoma. Mlinzi anapewa mafuta ya taa ya mnara na wakubwa, na ameonywa hata tone lisiingie nyumbani kwake. Meli zote zinaona. Nyumba yake ni kiza. Jioni moja ya mvua binti yake anashikwa na homa kali, na mama mtu hawezi hata kuona kijiko cha dawa. Mlinzi anaishusha taa ya mnara, anaibeba nyumbani amtazame mwanawe. Mpaka hapo, Mwalimu, ni wewe mtupu. Nilisikia hata hatua zako. Kisha unakuja mwisho: meli inagonga mwamba, mlinzi anafungwa, anajuta, "na tangu siku hiyo hakuiacha tena kazi aliyopewa."

Nimeusoma mwisho huo mara nyingi. Si wako. Sikumbuki hadithi yako hata moja iliyomalizika kwa mtu maskini kujuta.

Jumamosi, 23 Machi

Nilikwenda kwa Fundi cherehani, yule aliyekaa dawati la nyuma ya Koma. Kibandani kwake kuna nafasi ya mashine, kiti kimoja na nguo za watu. Nikaketi juu ya nguo za watu.

"Fundi, unaikumbuka hadithi ya mlinzi wa taa?"

Hakuinua hata macho. Alikanyaga mashine, na ilipoanza kwenda naye akaanza kwenda nayo:

"Paliondokea mlinzi wa taa koma mtu mwenye mke na binti mmoja nukta. Kila jioni alipanda mnara koma akawasha taa ya watu wa mbali koma akashuka kwenda kulala gizani nukta. Wewe wa dirishani acha kuchungulia punda nukta. Mstari mpya."

"Hilo la punda nalo limo kwenye hadithi?"

Akasimamisha mashine. "Mama Mwalimu, mimi sijui lipi la hadithi na lipi la kwetu. Nililipokea lote pamoja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa kuona sindano mbele yangu. Ni sauti yako hasa, Mwalimu. Koma na nukta na punda. Nilijifanya nachagua kitambaa.

Nikamuuliza mwisho. Akasema, kwani kuna asiyeujua? Siku ile alikuja Mkaguzi wa wakati ule, yule wa zamani mwenye fimbo, akasimama nyuma ya darasa hadithi ikiwa imefika pale taa inaposhushwa. Wewe ukakohoa, ukataja mwisho wa meli kugonga mwamba na mtu kujuta. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Gari lake lilipotoka langoni ukasema, "Futeni mistari ya mwisho. Ule ulikuwa wa mgeni. Sasa wetu." Ukawapa mwingine.

Fundi akanitajia. Sitauandika bado. Nitakuambia tu kwamba ndani yake mna neno "kumbe", na papo hapo nikakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nawafundisha wadogo kuhesabu vijiti, upande wa pili kukawa kimya, kisha darasa zima likasema kwa pamoja, "Kumbe!" Jioni nikakuuliza ulikuwa ukifundisha nini. Ukasema, "Nilikuwa nafundisha neno kumbe." Ukaendelea kufungua kamba za viatu.

"Na Koma alikuwapo siku hiyo?" nikauliza.

"Alikuwapo, vipi asiwepo? Alikaa mbele yangu, kisogo chake nakijua kuliko uso."

Basi anaujua. Anaujua, na amewapelekea wakubwa wake ule wa mgeni.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeanza. Bati la darasa lako linavuja palepale. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Kelele ya bati haikuruhusu imla wala chochote. Tulikaa tukatazamana.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda ofisini. Nilivaa lile gauni la buluu, nikabeba mwavuli wako.

Pale pana ukumbi mrefu, benchi la kungojea, picha ya mfalme wao, na harufu ya wino na miavuli mibichi. Koma alikuwa nyuma ya taipu. Aliponiona akainuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Mama, umeleta sahihi?"

Nikamwambia polepole, watu wasisikie: "Koma, ule mwisho umeutoa wapi?"

"Kwa Mwalimu."

"Koma."

"Kwa Mwalimu, mama. Nimeandika nilichopewa, sikuongeza hata nukta."

"Mwalimu wako yuko chini ya udongo, hawezi kukujibu. Lakini mimi bado niko juu."

Masikio yake yakawa mekundu, kama zamani alipokosa hesabu. Nikaona ni masikio ya mwongo. Nikampita.

Mkaguzi alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Ni mtu mwembamba, bado kijana, anasema lugha yetu kwa uangalifu kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. "Mama, napenda kukupa pole kwa msiba uliokupata." Akanivutia kiti mwenyewe. Nikamwambia mwisho uliopo si wa marehemu, nikamtajia wa kwake. Alisikiliza hadi mwisho. Akawa anatazama dirishani, na nilidhani umemwingia.

Kisha akasema, "Ni mzuri. Lakini, mama, hiki ni kitabu cha shule. Mtumishi wa serikali ameacha kazi yake, na hakuna baya lililompata mtu. Watoto watajifunza nini?"

Jibu lilinijia nimeshafika sokoni, kama kawaida yangu.

Akasema kitabu kinakwenda kiwandani kupigwa chapa mwisho wa Mei. Ama hadithi iingie na mwisho uliopo na jina la marehemu chini yake, ama aiondoe kabisa. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kufanya.

Jumapili, 7 Aprili

Nimegombana na dada yako. Tuseme yeye amegombana, mimi nilikuwa nakunja nguo.

"Wifi, maneno mawili matatu ya mwishoni yanakuwasha nini? Ndugu yangu amefundisha hapa mpaka mvi, na hakuna hata kibao cha mlango chenye jina lake. Leo wanataka kuliweka kwenye kitabu cha visiwa vyote, wewe unasema hapana?"

"Sijasema hapana."

"Hujasema ndiyo! Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa."

"Wifi, mimi bado sijamwona huyo mbwa akilala chini."

Akakaribia kucheka, akajizuia, akatoka nje akakaa barazani mvua ikimrushia miguuni. Hana mwingine aliyebaki kwao. Ulikuwa kitinda mimba, alikubeba mgongoni. Ananidai kitu ambacho ni haki yake, na hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Msichana wa dawati la mbele ameuliza tena juu ya hadithi. Nikasema tutaona.

Jumatano, 24 Aprili

Kikohozi kimenipeleka zahanati. Muuguzi aliyenipima ni mmoja wa wanafunzi wako, alikuwa darasa moja na Fundi na Koma, msichana peke yake kati ya wavulana mwaka ule. Alipokuwa akinisikiliza kifua akasema, "Vuta pumzi. Nasikia umekosana na Koma."

"Nani kakuambia?"

"Kisiwa hiki, mama, ukipiga chafya huku, kule wanakutakia afya. Vuta tena."

Nikamweleza. Akaondoa kile chombo masikioni akanitazama.

"Lakini Koma hakuwapo."

"Fundi anasema alikuwapo."

"Mwanzo alikuwapo. Mkaguzi alipotaka kuondoka, Mwalimu alimwambia Koma akimbie amfungulie lango, maana ndiye aliyekaa karibu na mlango. Mvua ilikuwa inanyesha. Lango lilikuwa zito, lile la zamani la chuma. Aliporudi amelowa chapachapa sisi tulikuwa tumeshaandika mwisho wetu, tumeshaufuta. Akauliza, 'Mmefuta nini?' Tukamwambia, 'Hesabu.'"

"Kwa nini?"

"Tulikuwa watoto, mama. Tulikuwa na siri, tukaringa nayo. Tulisema tutamwambia kesho. Kesho kukawa na jambo jingine." Akaanza kuandika dawa, akaacha. "Sidhani kama kuna aliyemwambia mpaka leo."

Nilirudi nyumbani na dawa yangu mkononi, sikufungua mwavuli. Kwa hiyo mtoto huyu miaka yote ameibeba hadithi yako na mwisho wa mgeni, akidhani ndio wako. Ameutunza kwa uaminifu, neno kwa neno. Pengine ndiyo sababu yeye tu kati yao alikwenda kuifanyia kazi serikali, na pengine hakuna uhusiano. Nami nimemwambia mbele ya picha ya mfalme kwamba amekusingizia.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Koma. Anakaa vyumba viwili na mkewe, mama yake asiyeinuka kitandani, na watoto wadogo wanaoning'inia kila mahali kama nguo. Nikamwomba radhi pale pale mlangoni, kabla sijakaribishwa. Nikamweleza habari ya lango.

Alikaa chini juu ya kizingiti.

"Hesabu," akasema. "Waliniambia ni hesabu." Kisha akasema, "Nilikesha, mama, nikijiuliza ni hesabu gani iliyokuwa imewafurahisha namna ile."

Ametaka nimwambie mwisho wenyewe. Ulimi ulikuwa umeshafunguka, lakini mtoto wake mdogo akaanguka kutoka kwenye meza, ikawa kelele, nikaaga.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua haijapumzika tangu Jumatatu. Ndoo sasa ni mbili.

Koma amekuja jioni, bila tai. Hakutaka kukaa. Akasema yeye ndiye atakayefunga bahasha ya kwenda kiwandani. Mkaguzi huyu akishaweka sahihi hasomi mara ya pili. "Nipe mwisho wa kweli, mama. Nitapiga taipu ukurasa ule upya, niuingize. Kitabu kikitoka kimetoka, hawatavichoma moto vyote."

Dada yako alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake.

"Na wakijua ni wewe?"

"Watajua ni mimi. Hakuna mwingine anayepiga taipu." Akacheka kidogo. "Watanifukuza, basi. Niliwahi kufungua lango, naweza kufunga."

"Koma, na wale nyumbani?"

Akatazama picha yako. "Hadithi nzima naijua mama, kasoro mahali pamoja. Nadhani nadaiwa na Mwalimu."

Nikamwambia anipe siku chache. Mwisho sikumpa. Nilijua nikimpa mkononi ataupeleka.

Jumanne, 14 Mei

Siku nne dada yako hajasema nami isipokuwa "pisha" na "funika". Leo nikichambua maharage akaja akaketi mbele yangu, akaanza kuchambua nami.

"Huo mwisho wenyewe," akasema, "unasemaje?"

Nikatambua hajawahi kuusikia. Tumeugombania tangu Machi kama watu wanaogombania sanduku lililofungwa. Nikamsimulia hadithi yote kuanzia mwanzo, kisha nikamwambia mwisho.

Mikono yake ilisimama katikati ya maharage.

"Alikuwa vile tangu mtoto," akasema. "Tulikuwa na jirani asiyesalimiwa na mtu, mzee wa hasira. Sisi tulipita pale mbio. Yeye siku moja akachungulia dirishani kwake, akaja kuniambia, 'Dada, yule mzee ana paka, na anamwita mwanangu.'" Akafuta pua kwa kiganja. "Si wa kuuzwa ule, wifi."

"Na jina?"

"Jina lake nililiita mimi kila siku. Mdomo wangu ndio kitabu chake." Kisha, baada ya kuchambua kidogo: "Lakini Koma asifanye ujinga. Mama yake tulicheza pamoja."

Jumatano, 22 Mei

Nimefanya.

Nilijaribu kuhesabu upande mmoja na mwingine, Mwalimu, lakini hadithi yako yenyewe ilinijibu. Yule mlinzi aliacha meli yote ya watu ingoje gizani ili nyumba moja ione. Mimi siwezi kuizima nyumba ya Koma ili hadithi ing'ae kwenye kitabu. Ungekuwa umenisikia nikiitetea kwa namna hiyo, ungesema sikuelewa imla.

Wala siwezi kutia sahihi chini ya mwisho wa mgeni. Mtoto wa kisiwa cha mbali, asiyewahi kukusikia ukikohoa, angesoma jina lako na kudhani ndivyo ulivyowaza.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mkaguzi nikamwambia aiondoe.

"Una hakika, mama? Jina lake halitakuwapo popote."

Safari hii jibu halikungoja sokoni. Nilimwambia, "Bwana, hata sasa hivi liko mahali pengi, isipokuwa hamjapita huko."

Aliutoa ukurasa kwenye jalada akanikabidhi kwa mikono miwili. "Pole," alisema, na nadhani alikuwa anasema kweli. Hata yeye nimeshindwa kumchukia. Ningepumzika kidogo kama ningeweza.

Koma alinifuata mpaka ngazini. "Basi, mama, sitaujua?"

"Kwa nini hukumwuliza Fundi?"

"Sitaki kuupata kama umbea."

"Ijumaa ya kufunga shule ni imla," nikamwambia. "Hadithi ya Mwalimu haitolewi ngazini."

Jumatatu, 27 Mei

Mvua, lakini nyembamba. Nimejizoeza kutaja vituo nikiosha vyombo.

Ijumaa, 31 Mei

Leo shule imefungwa.

Asubuhi palikuwa na jua la mashaka. Niliwaingiza wadogo katika darasa lako, wakakaa chini mbele. Wakubwa wakashika vibao. Nilikuwa nimeshaandika tarehe juu ya mstari wako Koma alipopiga hodi mlangoni, tai shingoni, viatu vya ofisi vimejaa tope. Aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akasema anampeleka mama yake zahanati. Mungu atamsamehe.

Nilimwonyesha nafasi karibu na mlango. Dawati lilikuwa dogo, magoti yakampanda kifuani. Darasa likaanza kucheka chini kwa chini.

"Mama Mwalimu," akasema msichana wa mbele, "huyu mjomba ni mwanafunzi mpya?"

"Ni wa zamani," nikasema. "Alitoka kidogo kufungua lango."

Nikampa kibao chako.

Nikatembea kati ya madawati, mikono mgongoni. Mwanzo sauti yangu ilikuwa ya faida za usafi. "Paliondokea mlinzi wa taa koma mtu mwenye mke na binti mmoja nukta." Kwa mstari wa tatu nikasahau kuogopa. Vijiwe vya kuandikia vililia juu ya vibao, wote kwa pamoja, ile sauti niliyoisikia miaka yote kupitia mbao nisijue ilivyo ndani yake. Ni kama kusimama katikati ya nyuki wapole. Hukuniambia, Mwalimu. Ndiyo maana ulikuwa ukichelewa kutoka darasani.

Nikafika pale mlinzi anapoishusha taa. Anafika nyumbani, anamwinulia binti yake taa usoni, mama anaona kijiko. "Kule baharini koma meli ilikuwa inapita nukta. Nahodha akainua macho koma mnara haupo nukta. Akatia nanga koma akangoja nukta."

Hapo ndipo mvua ilipoanguka. Haikuja kwa adabu; ilipiga bati mara moja hata nikaona midomo ya watoto ikisema bila sauti. Nikainua mkono, wote wangoje. Koma aliinama akafunika kibao kwa mikono miwili, maji ya paa yasimharibie maandishi. Tulikaa hivyo. Matone yaliingia ndooni. Wadogo wakasogeleana. Hakuna aliyefuta, hakuna aliyecheza. Koma alikuwa ananitazama mdomoni kama mtoto anayechelea kutumwa tena nje.

Mvua ikapungua, ikabaki ya kudondoka tu. Nikasema:

"Mara akaona mwanga mdogo koma chini ya mlima koma katika dirisha nukta. Nahodha akasema koma miaka yote nimeipita taa nukta. Leo nimeona dirisha nukta. Kumbe kule wanaishi watu nukta."

"Kumbe!" wakasema wote, hata wadogo, kwa furaha ya neno tu.

Koma aliandika bila haraka. Alipomaliza hakuinua kichwa. Niliona anaweka nukta ya mwisho, kisha anairudia, anaikaza, mpaka kijiwe kikavunjika.

"Futeni," nikasema.

Wakafuta kwa mikono na mate kama kawaida. Koma bado alikuwa ameinama. Msichana wa mbele akageuka. "Mjomba, amesema futeni."

Akatoa leso yake nyeupe ya ofisini akafuta, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Akaniletea kibao. Hakusema asante. Alisema, "Haikuwa hesabu," akatoka, na kupitia dirishani nilimwona anafungua lango, anapita, anarudi kulifunga vizuri.

Watoto wameondoka. Nimemwaga ndoo, nimefagia. Muhula ujao ataletwa mwalimu wa darasa lako. Nimemwachia mstari wa msumari. Dada yako anapika, naye anaimba kitu, hajui kama namsikia.

Sina zaidi ya kukusimulia. Naiwasha taa na kuiweka hapa dirishani, si kwa kazi yoyote. Ukipita popote huko uliko na ukaona mwanga mdogo chini ya mlima, ndimi. Unikumbuke.